Mwamba wa Futi Kumi na Tisa

Watu wa Iswagala walihamishwa mara ya kwanza kwa malori na mgambo. Mara ya pili ilikuwa wahamishwe kwa jiwe moja lisilozidi ukubwa wa ngumi.

Bwana Raymundi, mtaalamu wa maji aliyetumwa kutoka wilayani, alilitoa jiwe hilo kwenye mfuko wa kitambaa wenye namba, akalipangusa kwa leso, akaliweka mezani mbele ya mkutano. Meza ilikuwa ya ofisi ya kijiji. Ilibebwa hadi kwenye kivuli cha ukuta wa shule isiyo na paa, maana kijiji hakikuwa na kivuli kingine cha kutosha watu mia mbili. Ilikuwa Jumatatu, mwezi wa tisa, mwaka sabini na nne, na jua la Unyamwezi la mwezi wa tisa halina mzaha na mtu.

"Ndugu wananchi," alisema Raymundi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. "Shimo lenu limefika futi kumi na tisa na limegota. Kilicholigotesha ni hiki hapa. Sikuja kubahatisha. Nitakipima mbele ya macho yenu."

Na kweli alilipima. Alilikwaruza kwa kisu, kisu kikateleza na kuacha alama ya chuma tu. Alichukua chupa ya soda, akaichora kwa jiwe, chupa ikachubuka na kulia mpaka watu wakasisimka meno. Alilisugua kwenye kigae cheupe, halikuacha unga wa rangi. Alilidondoshea tindikali, halikutoa povu. Akalitazama kwa kioo cha kukuzia na kusoma alichokiona: chembe zinazong'aa kama chumvi ya mawe, chembe za waridi, na vidoa vyeusi vinavyometameta.

"Matale," akamaliza. "Ndiyo miamba mnayoiona imesimama kwenye vilima vyenu. Huu mliogotea unaweza kushuka futi mia mbili. Kwa sururu na mtaimbo hauchimbiki, na hata ukichimbika, hauna maji."

Mwenyekiti wa kijiji, Justus, alisimama kabla kijana hajafunga mfuko wake. Justus alikuwa mtu mzuri wa sura na mpenda maneno ya redio, na akiwa na habari mbaya ya kutoa aliitoa kama anatangaza harusi.

"Serikali haiwezi kuwaacha wananchi wake wateseke bila maji!" alisema. "Ripoti imeshasainiwa na imeshakwenda. Ijumaa asubuhi yanakuja malori matatu. Tunahamia barabarani, njia ya Igunga. Huko kuna bomba, ndugu zangu. Bomba!"

Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wamekaa Iswagala mwaka mmoja tu. Udongo wa kuta zao ulikuwa haujapata hata nyufa za kwanza.

"Mimi sihami," ikasikika sauti ya mwanamke.

Alikuwa Pelagia. Mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mabega mapana kuliko ya wanaume wengi waliokuwa pale, na ulimi usiojua kumsubiri mwenyewe. Watu waligeuka, wengine wakiguna, wengine wakitabasamu kwa chini chini, maana walijua Pelagia akianza hamalizi haraka.

"Mama, hili si la kuchagua," alisema Justus.

"Mara ya kwanza nayo hamkunichagulisha. Mlinishusha hapa mvua inanyesha, mimi na mama yangu, tukalala chini ya turubai siku tisa. Siku ya kumi nililala peke yangu. Mama yangu yuko pale," akanyoosha kidole kwenye makaburi machache yaliyokuwa nyuma ya mashamba, "na kaburi lake ndilo la kwanza kuchimbwa hapa. Kwa hiyo mimi ndiye mwenyeji kuliko ninyi nyote. Sihami."

Wanawake waliokuwa karibu naye walianza kuinamisha vichwa. Justus alisema msiba ni wa wote. Pelagia alimjibu kwamba turubai halikuwa la wote. Akapita katikati ya watu akaenda mpaka mezani, akataka kulishika hilo jiwe linalomfukuza.

Raymundi alimpa kwa heshima. "Litazame, mama. Hakuna siri."

Pelagia aliligeuza mkononi mara moja, na maneno yote aliyokuwa ameyapanga yakamkauka. Upande mmoja wa jiwe ulikuwa na alama ndogo ndogo za kudonolewa, zimepangana mstari, zote zimeinamia upande mmoja. Mtu mwingine asingeziona, au angeziona asijali. Lakini Pelagia alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na alama za tindo la mtu wa mkono wa kushoto huinamia upande wake. Lile halikuwa jiwe la kisima. Lilikuwa la kwake.

Alilirudisha mezani taratibu, akarudi kukaa, na mkutano ukaisha watu wakistaajabu jinsi Pelagia alivyonyamaza.

Ili mtu aelewe kwa nini alinyamaza, ni lazima ajue kazi yake. Pelagia alikuwa mchonga mawe ya kusagia. Mama yake alikuwa mchongaji, na bibi yake pia, huko kwao zamani kwenye vilima vya matale kando ya njia ya misafara, ambako mashimo ya kusagia ya wanawake waliowauzia wapagazi unga wa safari ya Ujiji bado yapo kwenye mwamba, yamelainika kama ndani ya bakuli. Kazi hiyo haianzi na tindo. Inaanza na kulijua jiwe. Unaligonga na kutega sikio: jiwe zima hulia, lenye ufa hukohoa. Unalimwagia maji na kutazama: linalokunywa maji ni legevu, kesho litamwaga mchanga kwenye ugali wa watu. Unaligusa kwa ulimi. Likinata, liache hapo hapo. Ukishalikubali ndipo unapoanza kulidonoa, pigo baada ya pigo, mpaka jiwe la chini lipate tumbo na jiwe la mkononi likae vizuri kiganjani.

Sasa, pale Iswagala kazi hiyo ilikuwa marufuku. Justus alikuwa amepata mashine ya kusaga ya kijiji, iliyopokewa kwa ngoma na kufungwa kwenye kibanda cha bati, na siku hiyo hiyo akatangaza kwamba mawe ya kusagia ni mambo ya kurudisha watu nyuma. Atakayeonekana anachonga jiwe saa za kazi ya shamba la kijiji ataitwa mtoro, atapelekwa kata, na atanyang'anywa eka yake. Mashine ilisaga majuma matatu. Kisha dizeli ikaisha, na dizeli nyingine haikuja. Wanawake walirudi kwenye vinu, wakatwanga mahindi mpaka viganja vikachubuka, halafu mmoja mmoja wakaanza kumwendea Pelagia kwa siri.

Lakini jiwe halichongwi kimya kimya. Mlio wa tindo unasikika kijiji kizima. Hivyo Pelagia alitafuta mahali pekee ambapo mtu angeweza kugonga jiwe mchana kweupe bila kuulizwa: kando ya kisima kilichokuwa kinachimbwa. Sururu zikigonga chini, yeye alikuwa anagonga juu, nyuma ya lundo la udongo. Mfaume, fundi wa visima, alijua na alijifanya hajui. Na vipande alivyovibandua, vipande vya matale safi aliyoyabeba kichwani kutoka vilima vya kwao, mwendo wa saa tatu, alivitupa pale pale kwenye lundo.

Hapo sasa. Kijiji kizima kilikuwa kinahamishwa kwa taka zake.

Mchana ule ule alimfuata Mfaume kisimani. Mfaume alikuwa mtu wa Tabora mjini, mzaliwa wa Chemchem, kofia ya kufuma haimtoki kichwani. Alikuwa amechimba visima kuanzia Urambo mpaka Nzega, na alimwita Pelagia shemeji kwa utani tu, bila udugu wowote. Alikuwa anakunja kamba zake.

"Shemeji, huko chini umegota kwenye jiwe gani?"

"Mwamba."

"Mwamba wa rangi gani?"

Mfaume alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Mwekundu. Mwekundu wa kutu, una matundu matundu. Sururu inaruka."

"Na Bwana Raymundi amesema matale yenye chembe za waridi na nyeusi. Hukumwambia?"

"Alhamisi aliyokuja kuokota jiwe, mimi nilikuwa Tabora mazikoni, shemeji. Nimerudi nimekuta kesi imeshakatwa. Nimeambiwa kijana ana vipimo, ana dawa, ana kioo. Nikadhani kipimo chake kinaona chini kuliko macho yangu." Alishusha sauti. "Yeye hakushuka. Kazi ilikuwa imesimama, hapakuwa na mtu wa kumshikia kamba."

"Nitolee kipande. Kitoke chini kabisa, ukibandue wewe mwenyewe."

Mfaume alishuka, akagonga kwa muda mrefu, akapandisha ndooni kipande cha ukubwa wa kiatu cha mtoto. Pelagia alikigonga kwa tindo lake. Hakikulia. Alikidondoshea maji ya kibuyu, yakatoweka kama yamenyweshwa mtu mwenye kiu. Alikigusa kwa ulimi, kikanata. Alikaa chini pale pale kwenye udongo na kucheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu alikuwa ameona kitu kingine. Kuukana ule mwamba wa matale kungemlazimu aseme jiwe la mezani limetoka wapi. Alikuwa na eka moja tu. Ndiyo iliyomlisha.

Usiku huo aliyafikiria hayo hayo, hakupata njia nyingine. Asubuhi ya Jumanne alijitanda khanga yake ya misa, akalifunga jiwe jekundu kwenye kitambaa, akaenda ofisini. Alipitia njia ndefu, kila nyumba akipiga hodi na kusema, "Njooni ofisini, kuna jambo la malori." Alipofika alikuwa na watu sitini nyuma yake.

Justus na Raymundi walikuwa wanaandika majina ya kaya, nani apande lori lipi.

"Mwangaluka," alisema Pelagia, salamu ya asubuhi ya kwao. Wakamwitikia. Raymundi, aliyelelewa vizuri, akasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea kazi. Jana ulipima vizuri. Nilikutazama, na vipimo vyako ni vya kweli, matale ni matale. Lakini jiwe ulilolipima halikutoka kisimani."

Raymundi alitabasamu kwa upole, tabasamu wanalopewa wazee waliochanganyikiwa. "Mama, nimeliokota mwenyewe kwenye lundo la kisima. Mwenyekiti ndiye aliyenionyesha. Akaniambia chukua lolote hapo, yote yametoka humo humo."

Watu walimgeukia Justus. Justus alianza kutafuta kitu kwenye karatasi zake.

"Hayakutoka humo yote," alisema Pelagia. "Hilo lako limetoka mikononi mwangu."

"Maana yake nini?" aliuliza Justus, sauti imekaza.

Pelagia alivuta pumzi. "Maana yake ni kwamba tangu mwezi wa sita nimekuwa nachonga mawe ya kusagia nyuma ya lundo la kisima. Saa za kazi. Mlipokuwa mnalima pamba ya kijiji, mimi nilikuwa nachonga. Nimechonga mawe kumi na manne, mama na mwana, la chini na la mkononi. Vipande vyake nimevitupa pale. Ukitaka ushahidi, geuza jiwe lako utazame alama. Hizo ni alama za tindo, na mpigaji ni wa mkono wa kushoto. Mnamjua mwingine hapa?"

Raymundi alilitoa jiwe mfukoni, akaligeuza. Tabasamu likaisha.

"Umekiri mbele ya watu!" Justus aligonga meza. "Utoro wa kazi za ujamaa! Biashara ya siri! Umechonga mawe kumi na manne, ya nani? Taja majina!"

Mke wa mwenyekiti, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alianza kukagua kucha zake moja baada ya nyingine.

"Majina sitaji," alisema Pelagia. "Kosa la kuchonga ni langu, andika langu. Waliotaka kula unga mlaini mashine yako ikiwa imelala hawana kosa. Nipeleke kata, nipeleke wilayani, nitakwenda kwa miguu yangu, sitataka hata lori. Lakini kwanza huyu kijana apime hili."

Akafungua kitambaa.

Raymundi hakulishika mara moja. Pelagia aliona uso wake ukifanya hesabu: ripoti imekwenda, sahihi ni yake, na hapa kuna mjane wa kijijini mwenye jiwe kwenye kitambaa. Alimwonea huruma kidogo, lakini si sana.

"Ukiogopa, nitalipima mimi," alimwambia. "Mimi nina ulimi tu na maji. Wewe una vyombo."

Kijana aliona haya, na haya hiyo ndiyo iliyomwokoa. Alifungua sanduku lake. Kisu kilizama kwenye jiwe jekundu na kutoa mfereji. Chupa ya soda ililiparua jiwe badala ya kuparuliwa. Kwenye kigae cheupe liliacha mstari wa kahawia ya kutu, na unga wake kidogo ukanata kwenye sumaku. Tone la maji lilipotea kabla hajahesabu tatu. Alipima kila kitu mara mbili, bila kuharakisha, na mara ya pili hakuwa anaonyesha watu tena. Alikuwa anatafuta kujua.

"Mfaume," aliita, "unaapa hili limetoka futi kumi na tisa?"

"Wallahi, nimelibandua jana kwa mkono wangu."

Raymundi alivua kofia. "Hili si matale. Hii ni moramu, ile ya barabarani, iliyoshikamana ikawa ngumu. Ni ganda. Chini ya ganda kama hili huwa kuna udongo laini, wakati mwingine..." akasita. "Wakati mwingine kuna maji. Siwezi kuapa."

"Ganda lina unene gani?"

"Futi moja. Futi sita. Hakuna kipimo changu kitakachonijibu bila kulitoboa."

"Basi, sitisha malori," alisema mtu kutoka nyuma.

"Siwezi. Ripoti imeshapita juu yangu. Nikiwa na maji mkononi naweza kusema. Nikiwa na 'huenda', hawatanisikiliza."

Justus alikuwa ameshapata nguvu zake. "Mmesikia. Huenda! Malori yanakuja Ijumaa. Wachimbaji wote watasaidia kufungasha na kupakia mizigo, hiyo ni amri. Na wewe Pelagia, kesi yako inatangulia kwenda kata, na eka yako imesimamishwa kuanzia leo."

Eka yake. Ilimchoma, na hakuficha kwamba imemchoma. Machozi yalimlenga mbele ya watu wote na hakuyafuta. "Chukua eka," alisema. "Nipe shimo."

Hakuna aliyeona sababu ya kumnyima shimo kavu.

Mfaume alikuja kisimani bila kuitwa, na nyuma yake wanawake saba. Wanaume wanaovuta kamba walikuwa wanafungasha vitanda. Mfaume alianza kujifunga kamba kiunoni, Pelagia akaishika.

"Nashuka mimi."

"Shemeji, hapana. Mwanamke haingii kwenye kisima kinachochimbwa. Maji hukimbia. Tangu babu zangu."

"Maji yenyewe hayapo. Yatakimbia kutoka wapi?"

Mfaume alijifungua kamba, akamfunga yeye.

Huko chini mbingu ilikuwa sahani. Harufu ilikuwa ya udongo wa zamani na jasho la watu. Pelagia hakuanza kuvunja. Alipiga magoti, akagonga sakafu ya ule mwamba kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, akisikiliza kama anavyosikiliza jiwe la kusagia. Upande wa mashariki mlio ulikuwa mzito, wa kitu kinene. Katikati, vile vile. Kwenye kona ya magharibi mlio ulibadilika, ukawa na uwazi ndani yake, kama wa debe lililobakiwa na mafuta kidogo. Alirudia mara tatu. Akaweka tindo hapo.

Wachimbaji walikuwa wameupiga mwamba ule kwa hasira, kokote sururu ilipoangukia, na mwamba haujali hasira. Pelagia aliudonoa kwenye mstari, tundu karibu na tundu, kisha akagongelea vipande vya jembe la zamani kama kabari, akavipiga kwa zamu mpaka ukapasuka ulipotakiwa. Jumanne alitoa kipande cha upana wa sinia. Jumatano alifika futi moja na nusu na hakuona mwisho. Mikono ilivimba. Wanawake walimpandisha kula, wakamshusha tena. Jumatano jioni Raymundi alikuja, akasimama ukingoni muda mrefu, kisha akamwomba Mfaume kamba. Alikuwa anaogopa shimo. Ilionekana wazi kwa jinsi alivyoshika ukingo. Alishuka hata hivyo, akakaa chini dakika kumi na kupanda akiwa mwekundu wa vumbi mpaka kope.

"Ungefanya hivyo Alhamisi ile uliyookota jiwe," Mfaume alimwambia.

"Ningefanya," alijibu. Na kesho yake, Alhamisi nzima, alivuta ndoo pamoja na wanawake, shati lake la pasi likiwa halitambuliki tena.

Futi mbili. Futi mbili na robo. Alhamisi wakati wa kufunga kazi Pelagia aligonga chini ya tundu lake na kusikia kitu kingine kabisa, mlio mfupi uliokufa hapo hapo. Hakumwambia mtu. Alihofia kujidanganya.

Ijumaa malori yalifika saa mbili na nusu. Yalisikika kabla ya kuonekana. Pelagia alikuwa chini tangu alfajiri, na kule chini milio ya injini ilimfikia kwa kupitia ardhini, miguuni kwanza kuliko masikioni. Aliongeza kasi. Juu aliwasikia watu wakikimbia, watoto wakilia, kuku wakifukuzwa. Kisha uso wa Justus ukaziba nusu ya ile sahani ya mbingu.

"Pelagia! Panda juu. Zamu ya kaya yako."

Alipiga tindo.

"Nitashusha mgambo wakutoe!"

"Washushe. Kuna nafasi ya mtu mmoja tu na nimeikalia mimi."

Akapiga tena. Tindo likazama lote, mpaka kichwani, likamponyoka. Alipoingiza mkono kulitafuta, mkono ulipita kwenye kitu laini, cha baridi, ukatoka mweupe, unatiririka. Alijaza ndoo kwa mikono miwili, akatikisa kamba.

Wanawake walivuta. Ndoo ilitua miguuni pa Justus na kumrushia matope suruali. Raymundi alipiga magoti, akatia mkono ndani, akausugua ule udongo kati ya vidole: chembe za waridi zilizolegea kama wali, vidoa vyeusi vinavyometameta, vyote vinapondeka kwa kidole tupu. "Matale," alisema. "Matale yaliyooza. Na tazama." Aliinamisha ndoo. Maji yalimwagika juu ya vumbi, si mengi, ila yalikuwa maji.

Watu walishuka kwenye malori wenyewe, bila kuamriwa na yeyote. Raymundi aliandika barua pale pale kwenye goti, akaisaini, akampa dereva wa mbele airudishe wilayani.

Justus alirudi ukingoni. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mama. Haya, basi. Panda sasa. Tutazungumza hata habari ya eka."

"Huko juu yapo malori mangapi?"

"Matatu."

"Nitapanda nikiyasikia yote matatu yakiondoka."

"Yataondoka! Nimekwisha sema."

"Mara ya kwanza pia ulisema siku mbili tu chini ya turubai."

Justus aliwapungia madereva mkono. Lori la kwanza likawaka, likaguna, likaenda zake. La pili likafuata. Kisha kimya, na kwenye kimya hicho ikatoka sauti shimoni:

"Bado moja."

La tatu lilikuwa halijaondoka kwa sababu lilikuwa limejaa. Mwenyekiti alikuwa amepakia wa kwanza: vitanda viwili vya chuma, kabati, redio imefungwa blanketi, na mabati ya nyumba yake aliyoyang'oa Alhamisi. Watu walisimama wakamtazama. Hakuna aliyesogea kumsaidia, hata mgambo. Justus alikunja mikono ya shati, akapanda nyuma ya lori, akaanza kushusha kitanda chake peke yake.

Chini, Pelagia aliegemea ukuta wa kisima na kusikiliza chuma kikigonga chuma. Maji yalikuwa yamempita vifundo vya miguu na yalikuwa yanapanda. Hakuwa na haraka.